Mafunzo ya Lazima na Lugha ya Wodini: Mfano wa Meru na Embu

Katika hospitali nyingi za Kenya ipo desturi ambayo kila mhudumu anaifahamu ingawa hakuna waraka ulioiagiza. Mafunzo ya lazima yanapotangazwa, karatasi ya mahudhurio hujaa saini asubuhi, chai ya saa nne hunywewa, kisha viti huanza kubaki vitupu kimoja baada ya kingine. Wanaosalia hukaa nyuma. Mwezeshaji husoma slaidi iliyoandikwa kwa Kiingereza, huuliza kama kuna swali, kimya hutanda, naye huendelea na slaidi inayofuata. Jioni vyeti hugawiwa. Kesho yake wodini kila mtu hufanya kazi kama alivyokuwa akiifanya juzi.

Hali hii imezoeleka kuelezwa kwa njia mbili. Wasimamizi husema kuwa wahudumu hawapendi kujifunza na kwamba wanachokifuata ni posho. Wahudumu nao husema kuwa wamechoka. Kila upande una ukweli wake, hasa huo wa pili. Hata hivyo, lipo jambo la tatu ambalo ni nadra kutajwa katika ripoti za warsha, nalo linawahusu moja kwa moja wasomaji wa jarida hili. Mafunzo hutolewa kwa lugha moja, ilhali makosa ambayo mafunzo hayo yanakusudia kuyazuia hutendeka kwa lugha nyingine. Makala haya yanalijadili jambo hilo kwa kurejelea Meru na Embu, mahali ambapo lugha tatu au nne hukutana juu ya kitanda kimoja cha mgonjwa.

Ni vyema kwanza ieleweke kuwa neno "lazima" hapa halitumiwi kwa mzaha. Daktari nchini Kenya hutakiwa kukusanya alama 50 za mafunzo endelevu kila mwaka ili leseni yake ihuishwe, na mabaraza yanayosimamia wauguzi na maafisa wa kliniki yana masharti ya namna hiyo hiyo. Mbali na masharti ya leseni, kuna mafunzo yanayoletwa na wizara, na kaunti, na mashirika ya wafadhili: kuzuia maambukizi, huduma kwa mtoto mahututi, huduma kwa waliodhulumiwa kingono, utunzaji wa siri za wagonjwa. Kuanzia mwaka 2023, serikali ilipowakabidhi vifaa vya kazi wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini, idadi ya wanaopaswa kufunzwa iliongezeka mno. Wengi wa wahamasishaji hao ni wakulima na akina mama wa vijijini. Huko Igembe mtu huacha kuchuma miraa ili aende semina. Huko Mbeere huacha muguka.

Dai la uvivu halina mashiko makubwa. Mnamo mwaka 2005 shirika la AMREF, likishirikiana na Baraza la Wauguzi, Wizara ya Afya na wadau wengine, lilianzisha mpango wa kuwaendeleza wauguzi wapatao 22,000 kutoka ngazi ya cheti hadi ngazi ya stashahada kwa njia ya kompyuta. Maelfu walijiunga huku wakiendelea na kazi zao, wengine wakiwa hawajawahi kugusa kompyuta. Watu wa aina hiyo hawawezi kuitwa wavivu wa kusoma. Waliona wazi kuwa elimu ile ingewabadilishia cheo, mshahara na namna ya kufanya kazi.

Dai la uchovu nalo halihitaji kuelezwa kwa kirefu. Mgomo wa madaktari uliomalizika Machi 2017 ulichukua siku 100, na ule wa wauguzi uliofuata mwaka huo huo ulichukua miezi mitano. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi akaketishwa ukumbini saa tatu atasinzia, hata angehutubiwa kwa lugha ya mama yake mzazi. Upungufu wa wahudumu hautibiwi kwa isimu. Kinachojadiliwa hapa ni kile kinachobaki baada ya hayo yote kukubaliwa: mhudumu aliyelala vizuri, anayeipenda kazi yake, ambaye bado hakai mafunzoni ila kwa mwili tu.

Mhudumu huyo hufanya kazi gani? Katika hospitali za Maua, Nkubu au Meru mjini, mgonjwa humjia na lahaja mojawapo ya Kimeru: Kiigembe, Kitigania au Kiimenti. Katika Runyenjes huenda akamjia na Kiembu, na katika Siakago au Kiritiri, Kimbeere. Mhudumu anaweza kuwa mwenyeji, maana ugatuzi wa mwaka 2013 uliwafanya wengi waajiriwe makwao. Anaweza pia kuwa ametoka Kisii, Makueni au Busia, na mara nyingi hata mwenyeji wa Imenti huona kazi kumfuata mzee wa Igembe anapozungumza kwa kasi. Hapo Kiswahili huingia kama daraja. Pale ambapo mgonjwa hana Kiswahili cha kutosha, huitwa mjukuu, au mfanyakazi wa usafi, au mgonjwa wa kitanda cha jirani, ili awe mkalimani. Kisha yote yaliyosemwa huandikwa kwenye faili kwa Kiingereza.

Kwa maneno mengine, mhudumu wa Meru au Embu ni mfasiri. Hufasiri mara kadhaa kwa saa, bila kamusi, huku mtu mwingine akimngoja mlangoni. Mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa pili husomeshwa muhula mzima juu ya ulinganifu wa maana na hatari za tafsiri sisisi. Muuguzi anayefasiri uhai na mauti ni nadra afundishwe hata saa moja. Mafunzo ya lazima humwambia aandike nini. Jinsi ya kulipata hilo la kuandika kutoka kinywani mwa mtu aliyelisema kwa lugha nyingine huachiwa yeye mwenyewe.

Mfano wa neno moja tu unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Neno "homa" katika Kiswahili sanifu ni joto la mwili linalopanda kupita kiasi, na ndivyo linavyofundishwa shuleni. Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, mtu akisema ana homa, mara nyingi anamaanisha mafua: pua zinatiririka, anapiga chafya. Mama anapomleta mtoto na kusema "ana homa", muuguzi aliyesoma kitabuni anaweza kuandika dalili moja na kumbe mama alikuwa akitaja nyingine. Muuguzi mzoefu hulijua hilo, naye huuliza: "Mwili una joto, ama pua inatoka?" Swali hilo fupi ni ujuzi wa kitabibu na wa kiisimu kwa wakati mmoja. Halimo katika slaidi. Anayelijua alilijifunza baada ya kukosea, na atakapostaafu ataondoka nalo. Neno "degedege", analolijua msomaji wa pwani tangu utotoni, lina shida ya namna nyingine: ni sanifu kabisa, lakini mama wa Tigania huenda asilitambue, naye atalieleza tukio lenyewe kwa maneno yake, kuwa mtoto alikakamaa au macho yaligeuka. Mafunzo yanayomwandaa mhudumu kulisikia neno na kumwacha bila namna ya kusikiliza maelezo yamemfunza nusu tu.

Uzito huo huzidi maradufu tunapofikia huduma kwa watoto waliodhulumiwa. Meru ina nafasi ya pekee katika historia ya suala hili. Tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru ilitoa uamuzi katika kesi iliyowasilishwa kwa niaba ya watoto wa kike waliokuwa wamenajisiwa, pamoja na shirika la Ripples International linalowahifadhi watoto wa aina hiyo. Mahakama iliamua kuwa polisi, kwa kutochunguza malalamiko hayo kwa haraka na kwa ukamilifu, walikuwa wamekiuka haki za watoto hao. Kesi hiyo ilijulikana kimataifa kwa jina la kesi ya wasichana 160. Ilihusu polisi, lakini somo lake haliwezi kubaki katika vituo vya polisi peke yake, kwa kuwa mtoto hupitia pia mikononi mwa muuguzi, daktari, afisa wa watoto na mlezi wa makao. Kila mmoja wao humsikiliza, na kila mmoja huandika.

Mtoto husema nini? Yeyote aliyewahi kusoma hukumu za mahakama za Kenya katika kesi za unajisi amekutana na kauli hii: "Alinifanyia tabia mbaya." Ndiyo kauli ya mtoto wa Kenya anayezungumza Kiswahili, akiwa Meru, Embu au kwingineko. Ni tasfida. Malezi yamemzuia kuvitaja viungo vya mwili na vitendo vyenyewe, kwa hivyo huchukua msemo ambao watu wazima walimpa. Kila Mkenya akiusikia huelewa. Lakini ukiandikwa kwa Kiingereza neno kwa neno, unakuwa malalamiko kuhusu mtu asiye na adabu, kana kwamba mshtakiwa alimtolea mtoto ulimi. Mahakama za rufaa zimelazimika mara kwa mara kujadili iwapo tasfida hiyo inatosha kuthibitisha kitendo.

Muuguzi anayeijaza fomu ya huduma baada ya ubakaji anakaa katikati ya mtiririko huo. Mtoto wa Igembe humweleza kwa Kimeru, pengine kupitia kwa shangazi. Muuguzi huuliza kwa Kiswahili. Fomu ni ya Kiingereza. Kesi ikifika kwa hakimu, itasikilizwa kwa Kiingereza au Kiswahili, maana sheria huruhusu lugha hizo mbili katika mahakama za chini. Ikifika Mahakama Kuu, lugha ya kazi ni Kiingereza. Maneno ya mtoto mmoja yamefasiriwa mara tatu au nne kabla ya haki kutendeka au kukosekana. Muuguzi akiandika tasfida bila kufafanua, ushahidi hudhoofika. Akiandika maneno ya kitabibu ambayo mtoto hakuyasema, wakili wa utetezi humuuliza mtoto kizimbani maana ya neno hilo, naye hukosa jibu. Mhudumu anayeelewa kitendawili hiki hahitaji kulazimishwa kuja mafunzoni. Atakuja, na atakuja na visa vyake.

Hapa inafaa kudokeza jambo ambalo wanasemantiki wangepaswa kulisema kwa sauti kubwa zaidi. Neno "kunajisi", linalotumiwa na magazeti na redio kila siku, limetokana na "najisi". Kwa uhalisi wake wa kidini, linamwambia mtoto kuwa ameingiwa na uchafu. Neno la kisheria la Kiingereza lina historia hiyo hiyo, kwa hivyo kosa si la Kiswahili peke yake. Lakini mtu anayemwuguza mtoto huyo huku akilitamka neno hilo mbele yake anastahili kujua analomwambia.

Kama hayo ndiyo yangekuwa maudhui ya mafunzo, hali ya ukumbini ingebadilika kwa sababu moja nyepesi: wahudhuriaji wangekuwa na la kusema. Katika slaidi za Kiingereza mwezeshaji ndiye mjuzi na wengine ni wapokeaji. Ukiulizwa jinsi bibi wa Mbeere anavyoeleza kifua kinachombana, au jinsi kijana wa Maua anavyoficha ugonjwa wa zinaa kwa maneno, mjuzi ni muuguzi wa miaka 20 kazini, na huenda mjuzi zaidi ni yule mfanyakazi wa usafi anayeitwa kila siku kuwa mkalimani ilhali hajawahi kualikwa semina hata moja.

Ushahidi wa kitafiti unaopatikana Kenya unaelekea upande huo, ingawa haukuhusu lugha. Kati ya mwaka 2006 na 2008, watafiti wa mpango wa KEMRI na Wellcome Trust walifuatilia huduma za watoto katika hospitali 8 za wilaya. Hospitali 4 zilipewa mafunzo ya siku tano na nusu yenye mazoezi, zikapewa mwezeshaji aliyekaa humo humo hospitalini, zikatembelewa na kupewa mrejesho. Nyingine 4 zilipewa semina ya mihadhara ya siku moja na nusu pamoja na miongozo iliyoandikwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kuwa kundi la kwanza liliboresha huduma zaidi. Kwa ufupi, mhadhara na karatasi havikuwa na nguvu ya mtu aliyebaki wodini akiulizwa na kujibu. Mtu huyo anapomfafanulia mwenzake kitandani pa mgonjwa, ni vigumu kuamini kuwa hufanya hivyo kwa Kiingereza cha slaidi.

Majirani nao wana la kufundisha. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa Kiswahili, ikitumia redio, vijitabu na vikundi vya kusoma vijijini. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Kikundi kilisikiliza redio, kikasoma kijitabu, kikajadili, kisha kikaenda kuchimba choo. Waliofunzwa pale walikuwa wanakijiji na si wauguzi, na Tanzania ina mazingira ya lugha ambayo Kenya haina. Lakini kiini cha mafanikio kilikuwa mjadala ulioendeshwa kwa lugha ambayo hata mkimya wa kijiji aliweza kubishia. Wahamasishaji wa afya ya jamii wa Meru na Embu wa leo wako karibu sana na wanakijiji wale kuliko walivyo karibu na madaktari.

Pingamizi zipo, na baadhi yake ni nzito. Kwanza, majina ya dawa, vipimo na miongozo ni ya Kiingereza, na mitihani ya mabaraza ni ya Kiingereza. Mpango wa AMREF uliotajwa hapo juu uliendeshwa kwa Kiingereza na bado wauguzi waliufuata. Ni kweli. Hakuna anayependekeza kipimo cha dawa kitafsiriwe. Mpango ule ulimpa muuguzi stashahada. Mafunzo ya kila mwaka yanadai kubadilisha jinsi anavyozungumza na mgonjwa, na hapo ndipo lugha haiwezi kukwepwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yenyewe inamtaka mtoa huduma ampe mgonjwa maelezo, kadiri iwezekanavyo, katika lugha anayoielewa.

Pingamizi la pili linawauma zaidi watetezi wa Kiswahili: Kiswahili chenyewe si lugha ya mama ya bibi wa Siakago. Mtaalamu anayeingia hospitalini akidhani amewaletea watu lugha yao atakuwa amerudia kosa la slaidi kwa rangi nyingine. Tena kuna hatari ya istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwahi kuchapisha Kamusi ya Tiba, kazi ya kuheshimiwa. Lakini mgonjwa wa Embu husema "presha" na "sukari", na atazidi kusema hivyo hata baada ya makongamano kumi juu ya "shinikizo la damu". Mwanaistilahi anayeona haya kuliandika neno "presha" hana msaada wodini. Kwa upande mwingine, "UKIMWI" na "unyanyapaa" ni maneno yaliyoingia vinywani mwa watu kwa sababu yalihitajika na yakatumiwa, na yanaonyesha kuwa Kiswahili kina uwezo huo pale kinapokutana na haja ya kweli.

Basi kazi ya wanafunzi wa Kiswahili ni ipi? Si kutafsiri slaidi. Slaidi mbovu ikitafsiriwa hubaki mbovu, na usingizi wa Kiswahili haupishani na ule wa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Embu kiko katika mji mmoja na hospitali kuu ya kaunti. Meru kuna vyuo vikuu viwili, na miji yote miwili ina matawi ya chuo cha mafunzo ya matibabu, KMTC. Wanafunzi wengi wa Kiswahili katika vyuo hivyo wana Kimeru au Kiembu nyumbani, Kiswahili darasani na Kiingereza ofisini, yaani lugha zile zile zinazokutana katika faili la mgonjwa. Tasnifu nyingi za shahada zimeandikwa juu ya lugha ya matatu na lugha ya matangazo ya simu. Zilizoandikwa juu ya namna mgonjwa wa kaunti hizi anavyoeleza maumivu zingehesabika kwa urahisi zaidi.

Pendekezo linaloweza kutekelezwa ni dogo. Katika kila mafunzo ya lazima itengwe saa moja ambayo haina slaidi. Wahudhuriaji walete kauli walizozisikia kwa wagonjwa, bila majina, na jinsi walivyoziandika. Mwanafunzi au mhadhiri wa Kiswahili awe mwandishi wa kikao na mwulizaji, asiwe mhubiri. Mfanyakazi wa usafi anayekalimani aalikwe, apewe posho kama wengine. Baada ya mwaka mmoja kutakuwa na daftari la kauli mia kadhaa, pamoja na tasfida zake na mitego yake, ambalo muuguzi mgeni atalisoma kabla ya zamu yake ya kwanza. Yapo maswali ya maadili ya utafiti na ya siri za wagonjwa, na hayo hayawezi kurukwa.

Kikwazo kikubwa zaidi ni cha kiofisi. Saa hiyo isipokuwa na alama haitahudhuriwa, kwa kuwa mhudumu aliyebanwa na muda atachagua kikao kinachohuisha leseni yake. Alama hutolewa kwa mafunzo yaliyoidhinishwa na mabaraza husika, na idara ya Kiswahili haimo miongoni mwa wale ambao mtu angewatarajia kuomba idhini hiyo. Itabidi iombe, ama peke yake ama ikishirikiana na hospitali au chuo chenye kibali. Barua ya maombi inaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Tangu Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, hiyo nayo ni lugha rasmi ya nchi.